Barua kwa vijana mnaochukuliwa kazini msimu wa sikukuu

Wanangu mnaobeba trei Sinza na Masaki, nanyi mnaopanga viatu na magauni ya watoto madukani Kariakoo, hamjambo?

Najua Desemba imewachangamkia. Bosi aliyekwambia Agosti kwamba hakuna nafasi, leo anapiga simu mwenyewe: njoo kesho, tutaelewana. Nendeni. Kazi ni kazi, na ada za Januari hazingoji mtu. Ila muelewane kabla hujafunga aproni: kwa siku shilingi ngapi, unaingia saa ngapi, unatoka saa ngapi, pesa unapewa kila jioni au mwisho wa mwezi. Akiona uvivu kuandika, mtumie meseji: "Bosi, kama tulivyokubaliana, kwa siku ni kiasi fulani." Akijibu "sawa", usiifute.

Halafu uwe na daftari la saa zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Zinazozidi hapo ni ovataimu, na kila saa yake hulipwa mara moja na nusu. Sikukuu za kitaifa hulipwa mara mbili: tarehe 9 Desemba, Krismasi na kesho yake, Mwaka Mpya, hata 12 Januari ambayo wengi huisahau kwa sababu shamrashamra zimekwisha. Bosi akikuletea sahani ya pilau siku ya Krismasi, kula umshukuru, kisha uandike saa zako vilevile.

Kinachoniuma zaidi ni shoti, yaani pesa inayopungua kwenye hesabu nawe ukadaiwa. Mkesha wa Krismasi meza imejaa, mishkaki haihesabiki, kila mtu anaagiza bia yake kwa wakati wake. Saa sita usiku mmoja anakunyooshea simu: tumeshalipa dada, meseji hii hapa. Meza nyingine zinakuita, unatupia jicho, unasema asante. Asubuhi keshia anafunga hesabu, pesa haijaingia, na jasho lako la siku kadhaa limekwenda. Meseji iliyo kwenye simu ya mteja haijawa malipo mpaka kaunta waione upande wao. Mwombe asubiri kidogo, nenda kahakikishe. Mteja muungwana hatachukia. Atakayechukia sana ndiye wa kumwangalia mara mbili. Na kila raundi ya vinywaji iandike palepale, mmoja wa mezani aione.

Shoti ikitokea, bosi naye haruhusiwi kujikatia anavyopenda. Kwanza hasara iwe imetokana na kosa lako, si la mlevi aliyeruka ukuta. Akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, upewe nafasi ya kujitetea, makato yenyewe mkubaliane kwa maandishi, na yasivuke robo ya mshahara. Wengi wanakatwa wote, wanaondoka kimya, wanaona ndivyo kazi za hotelini zilivyo. Sivyo.

Mabinti zangu, mteja akianza kushikashika, ondoka mezani ukamwite meneja. Hakuna tipu yenye thamani hiyo. Usiku wa manane changeni wawili watatu mpande bajaji ya dereva mnayemjua. Wenye mabaa nao wangeweza kuligharamia hili bila kutetereka, lakini barua yao nitaandika siku nyingine.

Januari simu zako zikiacha kupokelewa, usiishie kulalamika kwenye grupu la WhatsApp. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, na daftari lako na zile meseji. Madai ya mshahara hupelekwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza; pesa uliyopaswa kulipwa tarehe 31 Desemba, muda wake unakwisha mwanzoni mwa Machi. Wengi huenda Pasaka imeshakaribia, wakajikuta wanajieleza kwa nini wamechelewa kabla hata ya kuulizwa wanadai nini.