Yannick Noah hakuwa mtu wa Jumapili moja

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa kijana wa kutumwa kulinunua, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Mengi nimeyameza. Ila ile makala ya Yannick Noah kwenye ukurasa wa michezo wiki iliyopita imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Unaikumbuka. Mwandishi wako alimtaja kama Mfaransa mwenye asili ya Kameruni aliyebahatika kutwaa Roland Garros, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Paris, kisha maisha yake yote yaliyobaki akayamaliza kwa sentensi mbili: kwamba baadaye alitundika daluga, na kwamba siku hizi anajulikana zaidi kama baba yake Joakim, yule aliyekuwa mchezaji wa mpira wa kikapu.

Nianze na hilo neno bahati, maana ndilo lililoninyima usingizi.

Fainali ilichezwa Jumapili, tarehe 5 Juni 1983. Kufika hapo na kulibeba kombe ni kushinda mechi saba ndani ya wiki mbili, na kila mechi unatakiwa ushinde seti tatu, yaani vipande vitatu vya mechi. Noah alishinda seti 21 na kupoteza moja tu, mbele ya Ivan Lendl katika robo fainali, na seti iliyofuata akamfunga Lendl huyohuyo 6-0. Fainali alikutana na Mats Wilander, bingwa mtetezi, kijana aliyelichukua kombe hilo mwaka uliotangulia akiwa na miaka 17. Akamtoa 6-2, 7-5, 7-6. Sasa wasomaji wako ambao hawajawahi kukanyaga udongo mwekundu wa viwanja vya Roland Garros wajue jambo moja. Udongo ule hupunguza kasi ya mpira. Mpira ukidunda unapanda na kukawia, na mpinzani anapata muda wa kukuchagulia pa kukupitishia. Ndiyo maana mabingwa wengi wa enzi ile pale Paris walikaa nyuma ya mstari wakirudishiana mipira mpaka mmoja achoke. Noah alikuwa anaukata mpira uende chini, halafu anaufuata mbio hadi kwenye wavu, mkono mrefu umetangulia, tena kwa raketi ya mbao. Mtu anaweza kubahatisha hivyo kwa mpira mmoja, hata kwa gemu moja. Kwa mechi saba haiwezekani. Hiyo ni kazi ya mtu aliyerudia hatua zilezile mpaka miguu ikazijua yenyewe. Hakuna mwanamume Mfaransa aliyekuwa amelitwaa kombe hilo tangu Marcel Bernard mwaka 1946, na baada ya Noah hajatokea mwingine mpaka leo. Kama ni bahati, mbona haijamwangukia mtu mwingine kwa zaidi ya miaka 40?

Mwaka ule mimi nilikuwa mtoto wa kuokota mipira katika klabu moja hapa Dar es Salaam. Televisheni Bara hatukuwa nayo. Picha ya ushindi niliiona siku nyingi baadaye, kwenye gazeti la Kiingereza ambalo mwanachama mmoja aliliacha juu ya benchi: Zacharie, baba yake, ameingia uwanjani na kumkumbatia mwanawe. Niliichana ile picha taratibu kufuata mkunjo, nikaiweka ndani ya daftari la hesabu. Sikujua hata jina lake linasomwaje. Nilijua tu kwamba mtu anayefanana na mimi ameshika raketi, na watu wote nyuma yake wamesimama.

Baada ya hapo hakulala. Mwaka 1984 alishinda Roland Garros kwa wawili wawili pamoja na Henri Leconte. Mwaka 1985 alitwaa ubingwa wa Roma. Mwaka 1986 alipanda hadi nafasi ya tatu duniani kwa mchezaji mmoja mmoja, na kwa wawili wawili akawa wa kwanza. Mataji 23 ya mmoja mmoja kwa jumla. Hayo yote yangeenea kwenye mistari minne, na mwandishi wako alikuwa na nafasi ya kutosha, maana picha ya Joakim ilichukua robo ukurasa.

Na alipoacha kucheza, kazi nyingine ikaanza. Mwaka 1991, akiwa na miaka 31, aliiongoza Ufaransa kwenye Kombe la Davis, mashindano ya timu za mataifa za wanaume, kama nahodha asiyecheza. Nchi ile ilikuwa haijalishika kombe hilo tangu 1932. Fainali ilikuwa Lyon, dhidi ya Marekani. Noah akampanga Leconte, ambaye mwaka huohuo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo na ameporomoka vibaya kwenye orodha ya dunia. Leconte akamfunga Mmarekani Pete Sampras seti tatu mfululizo, Mfaransa mwenzake Guy Forget akaja kuimaliza kazi kwa kumfunga Sampras huyohuyo. Noah akalibeba tena kombe hilo mwaka 1996 kule Malmö, na tena mwaka 2017 kule Lille, miaka 26 baada ya lile la kwanza. Katikati hapo, 1997, aliwaongoza wanawake wa Ufaransa wakatwaa kombe lao la mataifa. Huyo ndiye mtu mnayetuambia hakuacha alama.

Lakini Mhariri, kilichonichoma zaidi ni mahali makala ilipoanzia. Ilianzia Paris. Maisha ya Noah ya tenisi yalianzia Yaoundé, mji mkuu wa Kameruni. Alizaliwa Sedan, Ufaransa, ambako baba yake alikuwa mchezaji wa soka, aliyelitwaa Kombe la Ufaransa na timu ya mji huo mwaka 1961. Yannick akiwa bado mdogo, familia ikarudi Kameruni. Mwaka 1971 Arthur Ashe, mcheza tenisi Mweusi wa Marekani, alipita Yaoundé katika ziara, na alikuwa tayari bingwa wa Marekani na wa Australia. Akapiga mipira na huyo mtoto wa miaka kama 11, akaona kitu, akampa raketi. Wengi huishia hapo, kwenye raketi, kwa sababu inapendeza kuisimulia. Kilichomtoa Noah ni kile Ashe alichofanya baadaye: aliongea na Philippe Chatrier, kiongozi wa tenisi wa Ufaransa, akamweleza kuna mtoto Yaoundé anayepaswa kusaidiwa. Mtoto akapelekwa Nice, akasoma na kufundishwa huko. Mtu mzima mmoja alisimama, akaangalia, halafu hakusahau alichokiona.

Mimi nafundisha watoto tenisi huku Temeke, kwenye kiwanja cha saruji ambacho mistari yake naichora mwenyewe kwa chokaa kila Jumamosi asubuhi. Wavu wetu ni wa kuvulia, tumeukunja mara mbili. Nina mwanafunzi mmoja, binti wa miaka kumi, ambaye raketi yake ilikatika nyuzi mbili nikazifunga kwa mshipi wa kuvulia samaki, na mpini nimeuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli usimteleze akitoka jasho. Huyu binti ana sevu, ule mpigo wa kuanzisha mpira, ambayo sikuifundisha. Anaurusha mpira juu, anausubiri, na anaupiga ukiwa kwenye kilele bila haraka yoyote, jambo ambalo watu wazima ninaowafahamu wamelitafuta maisha yao yote. Mwezi Agosti nilisikia klabu moja kubwa hapa mjini ina mashindano ya watoto. Nikampigia simu katibu, akanijibu leta mtoto. Tukapanda daladala mbili tangu saa kumi na mbili asubuhi, mama yake amempikia maandazi ya kula njiani. Getini mlinzi akatutazama miguu. Akasema, "Mwalimu, shikamoo, lakini huyu hana viatu vyeupe." Nikamwomba amwite katibu. Katibu hakutoka, alituma maneno kwamba anayeingia lazima awe mtoto wa mwanachama au adhaminiwe na mwanachama kwa barua. Nikamwambia mlinzi kwamba jana kwenye simu hakuna aliyenitajia barua wala viatu. Kijana wa watu akainamisha kichwa, si kosa lake. Tulikaa kwenye ukingo wa barabara hadi saa nne. Kutokea pale, kupitia matundu ya uzio, niliviona viwanja vitatu. Viwili vilikuwa vinachezwa. Cha tatu kilikuwa kitupu asubuhi nzima, majani ya mwarobaini yamelundikana kwenye mstari wa nyuma, hakuna hata aliyeyafagia. Binti akaniuliza, "Kocha, kile nacho kina wenyewe?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia ale maandazi yapoe yasije yakaharibika, maneno ambayo hata mimi sikuyaelewa. Mtoto hakulia. Alikuwa anavuta uzi mmoja wa raketi kwa kidole na kuuachia, anauvuta na kuuachia, mpaka daladala ikaja.

Ndiyo maana neno bahati linanichefua. Mkimwandikia mtoto kwamba Noah alibahatika, mnamwambia na yeye akae ukingoni asubiri. Na katibu wa klabu naye akisoma, anapumua, kwa sababu bahati haimdai mtu kufungua geti.

Halafu hili la kutundika daluga. Daluga ni viatu vya mpira wa miguu. Mcheza tenisi hana daluga. Bondia mnamwandikia ametundika glovu na mnapatia, basi mcheza tenisi naye mwandikieni ametundika raketi. Wanafunzi wangu wanajifunza Kiswahili cha michezo kwenye kurasa zenu, na wanakuja kuniuliza tenisi ina goli ngapi. Wiki hiyohiyo mlikuwa na kurasa nne za soka la Uingereza, na habari moja ya mchezaji kubadilisha mtindo wa nywele ilitoka mara mbili, Jumanne na Alhamisi. Sina ugomvi na soka, nalipenda. Nina ugomvi na uvivu.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza, mrudishe habari ya Noah ukurasani, ikianzia Yaoundé na kuishia Lille, na jina la Ashe liwemo. Pili, mwandishi wako aje kiwanjani kwetu Jumamosi yoyote saa moja asubuhi, kabla jua halijawaka. Nitampa ndoo ya mipira arushe, naye aandike atakachokiona. Tatu, gazeti lako lina sauti kuliko mimi, basi viulizeni vilabu vya mji huu, kimoja kimoja kwa jina, kiwanja chao cha tatu kinafanya nini Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja jioni. Majibu yao myachapishe. Mimi nitaleta watoto wanane, na ufagio wa kufagia majani ya mwarobaini tutakuja nao wenyewe.

Kocha wa watoto,
Temeke, Dar es Salaam