Mhariri, tuelezeni na sekunde za mwanzo za milipuko ya gama

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Habari za anga zikitoka magazetini huwa zinakuja vilevile, mlipuko mkubwa umetokea mbali sana, picha ya kuchora ya nyota inapasuka, basi imeisha. Hata ule mlipuko wa miale ya gama wa tarehe 9 Oktoba 2022, ambao wanasayansi wanasema ndo mkali kuliko yote iliyowahi kurekodiwa, wengi wetu tuliishia kusikia ukubwa wake tu. Mimi nataka tuelezwe hii milipuko inawahiwaje, manake hapo ndo penye utamu wa utafiti wenyewe.

Hebu fikiria, miale ya gama ni mwanga wenye nguvu kupita yote ambao macho hayauoni, na mlipuko wake mwingine hata sekunde mbili haufiki, mwingine unakwenda dakika kadhaa, haupigi hodi, unaweza kutokea upande wowote wa anga, na miale yenyewe haipenyi hewa ya dunia kwahiyo ukikaa huku chini huipati ng'o. Ndo maana wa kwanza ulinaswa mwaka 1967 na setilaiti za Vela za Marekani ambazo kazi yake ilikuwa kuchungulia nani anafanya majaribio ya nyuklia kwa siri, na dunia ikaja kuambiwa 1973. Ikapita miaka mingi mpaka Februari 1997 setilaiti ya BeppoSAX ilipowezesha watu kuuona mwanga unaobaki mlipuko ukishapita. Na data za BeppoSAX zilikuwa zinashushwa MALINDI jamani, kwenye kituo cha Waitaliano pale pwani ya Kenya, na Swift, setilaiti ya kuwinda milipuko hii iliyorushwa Novemba 2004, nayo ikapewa kituo hichohicho. Wangapi wanaosoma gazeti hili wanalijua hilo?

Sasa shida ikawa muda, kwasababu ule mwanga unafifia haraka mno na binadamu hata awe hodari vipi mpaka apigiwe simu, aamke, aelekeze darubini, cha maana kishaondoka. Tarehe 23 Januari 1999 kimtambo kinachoitwa ROTSE huko Los Alamos, Marekani, lenzi nne za kamera tu zimefungwa pamoja na kompyuta inaziendesha, kiliuwahi mlipuko ndani ya sekunde 22 hivi wakati miale ya gama bado inamiminika. Baadaye wakaweka darubini ndogo nne sehemu tofauti za dunia, moja ikiwa Namibia.

Ila kazi inayonigusa zaidi ni ya mwanaastronomia Carole Mundell na wenzake wakitumia darubini ya Liverpool Telescope iliyoko kisiwa cha La Palma, Hispania, kioo chake ni cha mita 2 na usiku hakuna mtu anayeiendesha. Swift ikishanasa kitu inatuma mahali kilipo, ujumbe unapita kwenye intaneti moja kwa moja mpaka kwenye darubini, inaacha ilichokuwa inafanya, inageuka, inapiga picha, inalinganisha na orodha ya nyota zinazojulikana, ikiona kuna mgeni inaamua yenyewe ifuate na kifaa gani. Kimojawapo kilikuwa Ringo, ndani yake kulikuwa na polaroidi, kichujio cha mwanga kama cha miwani ya jua ila kilikuwa kinazunguka mfululizo, kazi yake kupima mawimbi ya mwanga yamejipanga upande mmoja kiasi gani. Machi 2012 waliupata mlipuko dakika 4 baada ya kuanza, asilimia 28 ya mwanga ilikuwa imejipanga, dakika 10 mbele ikashuka mpaka 16. Mwanga ukijipanga hivyo ni dalili kwamba mle kwenye mkondo wa maada unaorushwa na mlipuko, unaokimbia karibu na kasi ya mwanga, kulikuwa na uga wa sumaku wenye mpangilio, umetoka kulekule kwenye chanzo, haujavurugika bado. Wangechelewa kidogo tu hiyo 28 isingeonekana.

Kuna watu nawasikia wakisema roboti zimeshachukua kazi ya wanaastronomia. Sikubali hata kidogo. Nani aliamua darubini iache kazi ya mwingine katikati? Nani alipanga kipimwe nini kwanza na kipi kisubiri, mwanga ukiwa hafifu ifanye nini, ukiwa mkali ifanye nini? Ni watu, walikaa wakabishana wakaandika programu mapema kabisa, halafu wakasubiri wakijua mlipuko ukija hawatapata nafasi ya kubadili chochote. Huo ujasiri nauheshimu sana.

Kwahiyo ombi langu kwa waandishi wenu wa sayansi, mlipuko mwingine ukitangazwa msiishie kwenye umbali na ukubwa, ulizeni darubini gani ilifika kwanza, baada ya sekunde ngapi, ikapima nini. Na mtu atumwe Malindi akaongee na mainjinia wa kituo, watueleze setilaiti ikipita juu yao wanashusha nini na kinaelekea wapi.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.