Chanjo ya kimeta ipande hadi bandani

Ndugu Mhariri,

Tangu ng'ombe wa jirani yangu afe kwa kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza hata watu, wateja wa bucha yangu hapa Kiboriloni, Moshi, wananiuliza: sisi binadamu tukachanjwe wapi? Chanjo ya binadamu ipo, ila hupewa watu wa maabara wanaoshika vimelea hivyo, na wanajeshi wa nchi kama Marekani. Hata mimi ninayeshinda na kisu mkononi simo. Wa kuchanjwa ni ng'ombe, mbuzi na kondoo, tena kila mwaka.

Ugomvi wangu uko hapo. Ng'ombe yule alikuwa wa maziwa, wa bandani, hajawahi kuchungwa hata siku moja. Mwenyewe aliwahi kuambiwa, na nani sisemi, kwamba chanjo ni ya mifugo ya huko chini tambarare. Haya, na majani anayokula yanatoka wapi? Kihamba, yaani shamba la nyumbani, hakitoshi. Kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, zinapanda mlimani kila siku zimesheheni majani na mabua ya huko huko tambarare, na mbegu za kimeta, yaani vimelea vyake vilivyolala, hukaa ardhini miaka na miaka. Malisho yalimfuata bandani.

Alfajiri ile niliitwa niende na kisu "tuokoe nyama". Nilimkuta kalala, tumbo limevimba, damu nyeusi inamtoka puani na haigandi. Kisu nikakirudisha kwenye mfuko. Majirani walishafika na mabeseni. Wakanisonya, mama mmoja akasema nataka wanunue ya bucha. Afisa mifugo alipofika hakumpasua. Alichukua damu kidogo sikioni, kisha tukamfukia kwenye shimo la mita mbili na chokaa juu. Mzoga ukipasuliwa, vimelea hukutana na hewa vikageuka mbegu sugu, na shamba ndiyo limeharibika.

Ndama aliyebaki amechanjwa. (Wenye haraka ya sindano wasikie: chanjo hii ni vimelea hai vilivyopunguzwa makali, ukimpiga ng'ombe antibayotiki siku hizo umeiua.)

Kwa hiyo wahusika, gari la chanjo likimaliza minadani na kwenye majosho, lipande huku juu, hata kwa mwenye ng'ombe mmoja. Bei ya chanjo atailipa. Jirani yangu bado anarejesha mkopo alionunulia yule tuliyemfukia.

Mwenye bucha,
Kiboriloni, Moshi