Mhariri, roboti za wanafunzi zikizimwa mkono unabaki wapi?

Mhariri naomba nafasi kidogo, mimi ni fundi wa malori hapa Makambako, kazi yangu kubwa ni breki, na tangu mwaka jana nasaidia klabu ya roboti kwenye shule anayosoma binti yangu maana mwalimu wao alikuja gereji kuomba vyuma chakavu tukaanzia hapo.

Hao vijana wana akili sana, hilo sibishani na mtu. Ila kuna jambo linaniuma. Siku moja wanafanya mazoezi, roboti imenyanyua mkono na mzigo wake kama kilo mbili hivi, mwalimu akasema zimeni tukale, kijana mmoja akabonya swichi ya betri na mkono ukashuka wote kwa mpigo, ukamkuta binti mmoja ameinama anaokota kiboksi. Jioni kucha ilishakuwa nyeusi. Na wote walikuwa wanaamini roboti ina breki, maana kwenye programu walishachagua breki!

Sasa hiyo breki ya programu inachofanya ni kuunganisha zile nyaya mbili za mota, mota inageuka dainamo na kujikaba yenyewe. Chukua mota yoyote ndogo izungushe kwa vidole nyaya zikiwa mbalimbali, inaenda laini, halafu gusanisha nyaya uzungushe tena, utasikia imekuwa nzito. Kwa magurudumu inafaa sana. Lakini inakaba kitu kinachozunguka tu, kikisimama haina nguvu yoyote, kwa hiyo mkono wenye mzigo utateremka tu polepole, na ukikata umeme wote hata huko kukaba kunaweza kupotea. Ni kama dereva anayeshuka Kitonga na gia nzito, gia inamsaidia sana, ila hawezi kupaki pale mlimani kwa gia peke yake akashuka kwenda kula.

Kwenye lori breki ya kupakia inakamatwa na springi, upepo kazi yake ni kuifungua. Ndo maana asubuhi dereva anasubiri geji ya upepo ipande kwanza, na upepo ukiisha lori halitoki. Watu waligundua hili zamani sana, George Westinghouse kule Marekani alitoa breki ya upepo ya treni mwaka 1869, ile ya kwanza bomba likipasuka breki zinakufa, mwaka 1872 akaja na nyingine ambayo upepo ukipotea inakamata yenyewe. Roboti nayo inataka hivyohivyo, umeme ufungue, springi ikamate.

Hata kwenye mashindano makubwa wanalijua. Mashindano ya roboti za wanafunzi ya FIRST, ya Marekani, mwaka 2022 roboti zilikuwa zinapanda kwenye mabomba zinaning'inia, bomba la mbali kabisa pointi 15, na waamuzi walikuwa wanaweza kusubiri hadi sekunde 5 baada ya saa kuisha ndo wahesabu, wakati huo mota zimeshakatiwa moto, so kama huna kitu cha kukushikilia unaporomoka na pointi zako.

Na wala haihitaji hela nyingi. Sisi tulichukua mota ya waipa ya gari dogo, ya volti 12, ndani yake kuna kitu kama parafujo kinachozungusha gia ya plastiki, parafujo inazungusha gia ila gia haizungushi parafujo kirahisi. Tukaufunga ule mkono, tukaweka mzigo uleule, tukazima. Ukabaki juu. Niliusukuma kwa kiganja haukwenda. Unaenda taratibu kuliko mwanzo, ni kweli, na vijana walilalamika kidogo, mimi nikasema bora taratibu. Wanaotaka spidi wanaweza kutumia gia ya nyuma ya baiskeli, ile inayolia ti-ti-ti ukiacha kupiga pedeli, yale meno yake yanakubali upande mmoja tu, wakaweka kidole cha springi kinachoingia kwenye meno na mota ndogo ya kukivuta wakati wa kushusha.

Tulipoenda kwenye mashindano, sitaji ya wapi, wakaguzi walipima urefu, wakapima uzito, wakaangalia betri, hakuna hata mmoja aliyeuliza mkono utabaki wapi ukizimwa. Naomba waandaaji wote waongeze kipimo kimoja tu, nyanyua mkono na mzigo wake, zima swichi kuu, hesabu mpaka kumi watu wote wakiwa wamekaa mbali. Ukishuka roboti haiingii uwanjani mpaka irekebishwe. Dakika moja tu kwa kila timu jamani, haya ni mambo ya vidole vya watoto.

Mota za waipa za zamani ninazo kama sita hapa gereji, zinafanya kazi, shule yoyote ya huku ikija Jumamosi nitawapa bure na nitawaonyesha jinsi ya kuzifunga.

Fundi breki,
Makambako.