Kuhusu gomba na presha yako

Likoni, Mombasa

Swahibu yangu Bakari,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, na picha ya kile kikaratasi cha zahanati nimeiona: 162 kwa 104. Umeniuliza kuhusu presha hiyo na gomba, yaani miraa au mirungi, unalotafuna ukiendesha trela, kwa kuwa mimi ni mfamasia, halafu ukanionya kwamba hutaki mawaidha. Vyema. Mawaidha utayapata kwa mamangu ukija Idi. Mimi nitakueleza dawa.

Unasema ni majani tu, Mungu kayaotesha Meru. Kayaotesha kweli, na nguvu kayatia. Ndani ya jani bichi mna kemikali iitwayo kathinoni, jamaa wa karibu wa amfetamini, dawa kali ya kuchangamsha. Kijiti kikishakatwa, kathinoni huanza kugeuka kathini, ambayo ni dhaifu zaidi, na baada ya siku mbili hivi mzigo umepoa. Ndiyo maana vibunda hufungwa kwa majani ya mgomba wa ndizi visikauke, na zile gari zinazotoka Maua, huko Meru, usiku hukimbia utadhani zimebeba mgonjwa mahututi. Wewe wa barabarani unazijua kuliko mimi. Na muguka, ile aina nyingine ya gomba, usiudharau kwa kuwa bei yake ni ndogo. Wengi waliotafuna vyote viwili wananiambia hapa dukani kwamba muguka ndio unaopandisha upesi.

Kazi ya kathinoni ni kuufanya ubongo umwage dopamini na noradrenalini, kemikali za mwili zinazochangamsha. Usingizi unaruka, njaa inakufa, mdomo unafunguka, na safari ya Malaba, mpakani mwa Uganda, unaiona kama ya kwenda Mtwapa hapo jirani. Ndiyo hiyo handasi mnayoitafuta. Lakini noradrenalini haiishii kichwani: inabana mishipa, moyo unapiga mbio, na presha hupanda na kukaa juu kwa saa kadhaa. Kule Yemen, ambako watu hutafuna tangu enzi za mababu, watafiti wameona mshtuko wa moyo ukiwapata zaidi watafunaji, hasa wale wazito.

Sasa rudi kwenye kikaratasi chako. Ulipimwa asubuhi, umetoka kutafuna usiku kucha, hujalala, hujala ila karanga na soda. Kwa hiyo hiyo 162 hatujui ni ya nani, yako au ya gomba. Yule aliyekupima hakukuuliza, nawe hukumwambia. Ukimeza vidonge vya presha kwa kipimo kilichokisiwa juu ya presha ya handasi, siku ya kupumzika presha yaweza kushuka ukaona kizunguzungu. Na ukiwa na presha ya kweli halafu unaipandishia gomba juu yake, vidonge vitakuwa vinavuta huku na wewe unavuta kule. Vidonge usiviache kwa sababu ya barua yangu. Ila kaa siku mbili tatu bila kutafuna, ulale, kisha ukapimwe upya umekaa kitako, na mara hii umwambie daktari ukweli.

Kilichonitia hofu hasa si gomba lenyewe. Ni lile ulilolitaja kwa mzaha, kwamba ukitaka kushuka unameza bugizi, vile vidonge vya usingizi, na chupa moja ya pombe juu yake. Hapo mzaha umeisha. Vidonge vya usingizi na pombe vyote viwili hupunguza pumzi, na vikikutana mwilini pumzi yaweza kukatika usingizini. Handasi inakufanya ujione bado mkavu, kwa hiyo unaongeza. Ikishuka, vile vingine vinabaki peke yao. Na asubuhi yake unashika usukani wa trela kuteremka Salgaa! Bugizi ingali damuni, na deni la usingizi hujalilipa, maana gomba huliahirisha tu. Likikudai barabarani, jicho linafumba bila wewe kujua.

Mengine nayapitia haraka. Kufunga choo na bawasiri ulizonilalamikia mwaka jana, ndiyo hayo hayo. Na zile ampisilini ulizopewa za kifua: tanini, ule ukakasi wa majani, huzishika tumboni zisiingie damuni vizuri. Usizimeze huku shavu limejaa. Acha zipite saa mbili baada ya kutema.

Jingine: ukipewa mzigo wa Tanga, usivuke Lungalunga na hata kijiti kimoja mfukoni. Huku ni zao halali la biashara, Tanzania mirungi ni dawa ya kulevya kisheria, na jela yake si ya mchezo.

Usidhani nimejiunga na wanaosema kila mtafunaji amepotea. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walilitazama jambo hili mwaka 2006 wakaona halihitaji kuwekwa chini ya udhibiti wa kimataifa. Uingereza ikalipiga marufuku 2014 ingawa baraza lake la ushauri lilisema marufuku haina haja. Hapa kwetu nako uliona kelele za muguka za Mei 2024, kaunti za Pwani zinafunga, mahakama inafungua. Siasa watajuana wenyewe. Wazee wa Meru wametafuna barazani miaka na miaka, wakarudi kulala majumbani kwao. Wewe hulali, una presha, na unaendesha tani ishirini na nane.

Ukiacha, hutaugua kama mlevi aliyekatiwa pombe ghafla. Siku chache utakuwa mzito, mkali kwa watoto, na usiku utaota majinamizi. Mwambie shemeji mapema asije akadhani umerogwa. Ukianza kusikia sauti au kuhisi watu wanakufuatilia, usingoje, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu ya kifua, vivyo hivyo.

Ukishapimwa upya nitumie namba, hata kama ni usiku. Na bugizi zilizobaki niletee dukani nitaziteketeza mimi. Usimpe utingo wako.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Omari