Ana daraja la kwanza, anataka udereva

Anti, shikamoo.

Mimi nakaanga samaki soko la Feri, Dar es Salaam. Kwetu ni Kilwa Kivinje. Baba mvuvi, mama anasuka mikeka, na nyumba nzima hakuna aliyevuka darasa la saba mpaka alipokuja mdogo wetu wa mwisho. Huyu amemaliza kidato cha nne na daraja la kwanza, akapangiwa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, shule ya bweni mkoani Tabora. Kuripoti ni Julai.

Hataki kwenda. Anataka akasome udereva VETA Lindi, eti "ndiyo saizi yetu". VETA siidharau, mafundi umeme waliotoka huko wananizidi kipato mbali sana. Kinachoniuma ni hiyo saizi. Rafiki yake, mtoto wa mwalimu, amepata daraja la tatu na kutwa anazungumzia uhandisi. Wazazi wameshamtafutia shule ya kulipia.

Baba hamkatazi, ila hamsukumi. Ukimwuliza anakutajia kijana wa jirani mwenye digrii, leo anaendesha bodaboda ya mtu. Nimjibu nini, na ni kweli? Nikimwambia ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa tangu 2022, ananisomea fomu ya kujiunga: godoro, ndoo, sare, jembe. Bado nauli ya kutoka pwani mpaka Tabora. Na Julai ni kusi, bahari chafu, ngalawa zinalala. Hapo ana haki yake.

Vitu hivyo nitavinunua kidogokidogo. Mdogo wangu akifika chuo kikuu kuna Bodi ya Mikopo, na kaya yetu iko TASAF, ule mfuko wa kaya maskini. Moyo ndio sijui nitampaje, mimi ambaye chuo kikuu nimekiona kwa dirisha la daladala. Nikimpigia anaitikia "sawa dada", basi.

Ila juzi mama kaniambia alimsikia akimwuliza daktari wa zahanati udaktari unasomwa miaka mingapi. Akaambiwa mitano, halafu mmoja wa mazoezi kazini. Akanyamaza.

Anti, nimpeleke Tabora mwenyewe hata kama atanuna njia nzima, au nimwache akasomee udereva wake? Na baba nimwingieje, asije akaona binti yake anamfundisha kulea?

Dada mkaanga samaki, Feri