Mvua inayompisha mtu

Shoga yangu Mwanakombo,

Assalaam alaykum. Mama hajambo? Watoto je? Mimi mzima, ila joto la huku bado halijatuachia. Najua nimekunyamazia tangu Mfungo Mosi, unisamehe. Jana Zuhura kaniambia unatafuta mnunuzi wa vifaa vyako vya sanaa, hata ile kamera, na usingizi sikuupata. Ngoja kwanza, shoga. Usipokee pesa ya mtu kabla hujanisikiliza.

Ijumaa nilikwenda kuona Rain Room, kazi ya sanaa iliyo hapahapa Sharjah. Chumba cheusi, taa moja kali mwisho kabisa, na mvua inamwagika kutoka darini, matone mazito kama ya masika. Nikasimama ukingoni, nikanyoosha mkono nikingoja kulowa. Mvua ikakatika juu ya kiganja! Nikapiga hatua, ikanipisha. Nyuma yangu ikajifunga tena. Nimesimama katikati ya mvua, mtandio mkavu, na mvumo wake umenizunguka kama niko jikoni kwenu chini ya mabati. Nililia, Mwanakombo. Miaka mitatu sijasikia sauti ile.

Ufundi wake utauelewa kuliko mimi: kamera zinafuatilia kila mtu alipo, kisha vali zilizo juu yake zinafungwa. Maji ni lita 1,200 tu, yanasafishwa na kutumika tena. Sharti uende polepole. Kijana mmoja alipiga mbio, mvua haikuwahi kumpisha, akatoka chapachapa. Waliobuni ni kundi la wasanii la Random International wa London, akina Hannes Koch na Florian Ortkrass. Waliionyesha Barbican, jumba la sanaa la hukohuko London, mwaka 2012, mwaka uliofuata New York, na hapa ikajengewa nyumba yake ya kudumu 2018.

Nikakumbuka kanga yako, ile tuliyoitundika barazani kwa Bi Rukia. Mtu akiikaribia, inatamka jina lake, yale maneno yaliyochapwa juu yake, kwa sauti ya bibi yako, Mungu amrehemu. Kina mama walivyokuwa wakirudi nyuma, wakisogea tena, ili tu waisikie! Si ni mambo yaleyale? Asipokuwepo mtu, kanga imekaa kimya na mvua haina wa kumpisha. Nawe uliifanya kwa kihisi cha mlango na spika ya redio mbovu.

Vifaa vichache si hoja. Daniel Rozin mwaka 1999 alitengeneza kioo cha mbao: vipande 830, kila kimoja na mota yake. Ukisimama mbele, kamera inakuona, vipande vinainama na kuinuka mpaka umbo lako linatokea. Mbao, shoga! Karakana ya baba yako imejaa nini?

Kama ni ada ya Salim, nitajie kiasi, mwisho wa mwezi natuma. Lakini kuuza kile kisanduku chenye sauti ya bibi... hapana. Hicho kiweke hata kwa mama.

Umeshapokea malipo? Mnunuzi ni nani? Kanga iko wapi, uliikunja vizuri? Sauti ya bibi umeinakili popote, au imo humo tu? Na vuli imeanza Tanga? Ikinyesha usiku, utanirekodia dakika mbili pale jikoni, chini ya mabati?

Nijibu leo.

Mwenzio,
Mwanahawa